NJIA YA UHURU WA BURUNDI
Tangu Mkataba wa Kiganda wa 1903 hata tarehe 1 Julai 1962

Kila taifa lina tarehe yake, na asiyejua tarehe ya nchi anayokaa ni kama mpangaji asiyejua nyumba ilijengwa na nani wala msingi wake umefika wapi. Wako watu wengi, hasa vijana waliozaliwa baada ya bendera kupandishwa, ambao hudhani kwamba uhuru wa Burundi ulifika kwa siku moja, mfano wa mgeni abishaye hodi asubuhi akafunguliwa mlango. Sivyo ilivyokuwa. Uhuru ule ulikuja hatua kwa hatua, kwa muda wa miaka karibu sitini; hatua nyingine zilikwenda mbele, na nyingine zilirudi nyuma. Katika safari hiyo walikuwamo wafalme na wakulima, wasomi na wachuuzi, wanaume na wanawake; na walikuwamo pia Waislamu wa Usumbura, ambao habari zao aghlabu huachwa vitabu vinapoandikwa. Yafaa basi habari hizo zielezwe kwa mpango, ili kila msomaji ajue kipi kilitangulia na kipi kilifuata.

UFALME NA WAGENI WA KWANZA

Kabla ya kufika Wazungu, Burundi ilikuwa ufalme kamili, wenye Mwami wake, watawala wake walioitwa Baganwa, na wazee wa mila waitwao Bashingantahe waliokata mashauri ya watu vilimani. Nchi hii haikutungwa na wakoloni kwa kalamu na rula, kama zilivyotungwa nchi nyingine nyingi za Afrika. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 alitawala Mwami Mwezi Gisabo, mtu aliyejulikana kwa ushupavu. Wafanya biashara wa pwani na wa Ujiji walipofika kandokando ya Ziwa Tanganyika, walifanya makazi Rumonge na mahali pengine pa ufukoni, lakini milimani hawakupata njia. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuingia kwa nguvu na majeshi ya Mwami yakamzuia. Lazima jambo hili lisemwe waziwazi, kwa kuwa katika biashara ya siku zile ilikuwamo ya watumwa, na insafu haimruhusu mwandishi wa tarehe kuficha la watu wake na kufichua la wengine.

Mwishoni mwa karne ile ile wakaja Wadachi, yaani Wajerumani, wakajenga boma Usumbura. Mwezi Gisabo hakuwapokea kwa furaha. Wadachi walipoona hawezi kutiishwa kwa maneno, waliwasaidia wapinzani wake wawili, Maconco na Kilima, kisha wakamshambulia kwa bunduki. Tarehe 6 Juni 1903, mahali paitwapo Kiganda, Mwami akakubali kuutambua utawala wa Kijerumani, akatozwa faini ya ng'ombe 424. Hapo ndipo uhuru wa Burundi ulipopotea. Lakini hata siku ile ufalme wenyewe haukufutwa: Mwami alibaki Mwami, na watu wake waliendelea kumtazama yeye. Baadaye jambo hilo lilikuwa na maana kubwa.

Mwezi Gisabo alifariki mwaka 1908. Akatawala mwanawe Mutaga, naye akafa mwaka 1915, na kiti kikawekewa mtoto mdogo aliyeitwa Mwambutsa. Wakati huo vita vikuu vya kwanza vilikuwa vimeanza. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalivuka kutoka Kongo, yakawatoa Wadachi, na nchi ikabadilisha bwana bila mwenyeji hata mmoja kuulizwa rai yake.

KUTOKA KWA MDACHI HATA KWA MBELGIJI

Vita vilipokwisha, mataifa yaliyoshinda yaligawana makoloni ya Ujerumani. Waingereza walichukua Tanganyika, na Wabelgiji wakapewa Ruanda na Urundi. Hata hivyo hawakupewa kuwa mali yao: walipewa kuziangalia kwa niaba ya Chama cha Mataifa kilichokuwa Geneva. Baada ya vita vya pili kazi ya chama kile ilirithiwa na Umoja wa Mataifa, na mwezi Desemba 1946 Ruanda-Urundi ikawa nchi ya udhamini, kama Tanganyika.

Neno hili la udhamini si dogo. Mdhamini si mwenye mali. Ni mtu aliyekabidhiwa mali ya yatima mpaka yatima abaleghe, na siku ya kubaleghe lazima arudishe amana. Waislamu wanaijua vizuri hukumu ya mali ya yatima, na uzito wa aliyeila kwa dhuluma. Katika mkataba wa udhamini iliandikwa kwamba nchi itaongozwa hata ifikie kujitawala. Kila baada ya miaka mitatu au karibu na hiyo, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja kuangalia mambo: 1948, 1951, 1954, 1957 na 1960. Tena mwananchi yeyote aliruhusiwa kuandika barua ya mashitaka na kuipeleka New York. Kwa maneno mengine, mlango wa uhuru ulikuwa umefungwa, lakini haukutiwa kufuli.

Ama kwa matendo, Wabelgiji waliitawala nchi kama koloni hasa. Kwa sheria ya mwaka 1925 waliiunganisha na Kongo katika utawala. Kodi ililipwa kwa fedha, kazi za lazima zikawekwa, kahawa ikaamriwa kupandwa, na aliyekosa alionja kiboko. Watu wengi walikimbilia Uganda na Tanganyika kutafuta kazi, kwa kuwa huko mtu aliweza kupata fedha ya kodi bila kupigwa. Wabelgiji walipunguza pia idadi ya utemi: mwaka 1929 zilikuwapo 133, na kufika mwaka 1945 zilibaki 35 tu. Katika kupunguza huko, watawala wa Kihutu waliondolewa mmoja mmoja hata asibaki hata mmoja. Mbegu ya uchungu iliyopandwa katika hesabu ile ilikuja kuota miaka mingi baadaye, na matunda yake yalikuwa machungu kwa watu wote.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1934, katika sehemu za Ndora upande wa kaskazini magharibi, mwanamke aliyeitwa Inamujandi aliwainua watu dhidi ya kodi na kazi za nguvu. Wabelgiji waliuzima ukaidi ule kwa askari. Lakini tangu siku zile ilijulikana kwamba ukimya wa vilimani haukuwa na maana ya ridhaa.

BUYENZI

Usumbura ulikuwa mji mdogo wa bandari na boma. Ndani yake walikaa watu walioitwa Waswahili: wengine asili yao pwani, wengine Ujiji, wengi Wamanyema waliotoka Kongo, wengine Warundi walioacha vilima wakasilimu na kushika desturi za mji. Dini yao Uislamu, lugha yao Kiswahili, kazi yao biashara ndogondogo, uvuvi, ushoni na kazi za mikono. Wakati wa Wadachi Kiswahili kilitumika katika kazi za serikali, na wenye kukijua walipata nafasi. Wabelgiji walibadilisha mambo. Shule waliziweka mikononi mwa misheni, na wamisionari wengi hawakukipenda Kiswahili, kwani waliona ni lugha iendayo sambamba na Uislamu. Mtoto wa Mwislamu akawa na njia mbili: chuo cha Kurani, ambako hakupata cheti cha kumwajiri, au shule ya misheni, ambako wazazi wengi walihofia dini yake. Kwa sababu hiyo, jamaa ya Kiislamu ilichelewa katika elimu ya dunia, na athari ya kuchelewa huko ilidumu muda mrefu.

Wabelgiji walipanga mitaa ya Waafrika mjini kwa mistari iliyonyoka. Mtaa wa Buyenzi ukawa wa Waswahili, na karibu yake ukawapo mtaa ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza. Mitaa hiyo iliwekwa nje ya utawala wa mila, yaani haikuwa chini ya watemi wa Mwami. Watu wake walihesabiwa kuwa hawana kwao: si wa vilimani, wala si wa mitaa ya Wazungu. Wengine walizaliwa hapo, na baba zao walizaliwa hapo, lakini katika daftari za serikali walikuwa wageni. Kwa hiyo swali la uhuru lilikuwa na sura mbili kwa watu wa Buyenzi. La kwanza lilikuwa swali la Warundi wote: lini nchi itajitawala? La pili lilikuwa lao peke yao: ikijitawala, je, wao watakuwa wana wa nyumba au wapangaji?

Katika miaka ya 1950 lilizuka jambo lililowagusa Waislamu moja kwa moja. Wabelgiji walitoa amri mwaka 1950 ya kuzuia ndoa za wake wengi, na mjini wakatoza kodi wanawake waliokaa bila mume anayetambuliwa na serikali. Katika kodi hiyo walitiwa wajane na wanawake walioachwa, na pia wake wa pili walioolewa kwa sheria ya Kiislamu, kana kwamba wote walikuwa wanawake wa njia mbaya. Wanawake wa Buyenzi waliona hilo ni kuvunjiwa heshima kuliko kutozwa fedha. Wakakataa, wakalalamika hadharani, na sauti zao zikasikika mbali na mtaa wao. Huenda wao wenyewe hawakuiita siasa. Waliita kutetea jina jema. Lakini mtu aliyezoea kutetea jina lake mbele ya bwana shauri hachelewi kutetea nchi yake, na wengi wa akina mama wale, chama cha siasa kilipokuja, kilikuta mioyo yao iko tayari.

MWANA WA MWAMI

Tarehe 10 Januari 1932, Gitega, alizaliwa Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa. Alisoma Astrida, katika shule ambako Wabelgiji waliwafundisha wana wa watawala wa Ruanda na Urundi, kisha mwaka 1956 akaenda Antwerp, Ubelgiji. Hakukaa huko muda mrefu. Alirudi nyumbani na fikra kwamba taifa lisilo na mali haliwezi kuwa na sauti, na kwamba biashara yote ya nchi imo mikononi mwa wageni ilhali mkulima anauza kahawa yake kwa bei asiyoijua inakotoka.

Mwaka 1957 akaanzisha ushirika wa wafanya biashara wa Burundi. Hapo ndipo alipokutana kwa karibu na watu wa Buyenzi, kwani wachuuzi Waafrika wa Usumbura wengi wao walikuwa Waswahili. Rwagasore hakuwa Mwislamu, wala hakujifanya kuwa Mwislamu. Lakini aliingia mitaa yao, akakaa katika baraza zao, akawaita kwenye kazi yake kama wana wa nchi. Kwa watu waliozoea kuitwa wageni, kuitwa ndugu na mwana wa Mwami halikuwa jambo la kusahaulika. Ushirika wenyewe ulikosa mtaji, serikali haikuupenda, na haukudumu. Ushirika ukafa, lakini watu waliokuwa wamekusanyika hawakutawanyika.

Mwaka 1958 kikaanza kujengeka chama kilichoitwa UPRONA, maana yake Umoja na Maendeleo ya Taifa, na mwaka 1960 kikatambuliwa rasmi. Wabelgiji walijaribu kumpoza Rwagasore kwa kumpa utemi wa Butanyerera mwaka 1959, lakini cheo kile hakikumtosha. Nje ya mipaka, mambo yalikuwa yakienda kwa kasi. Tanganyika, TANU iliyoanzishwa mwaka 1954 ilikuwa imekusanya watu wa makabila na dini zote bila ya vita, na Rwagasore alifanya urafiki na Mwalimu Julius Nyerere. Habari za TANU zilifika Buyenzi upesi, kwa sababu zilikuja kwa Kiswahili, pamoja na wasafiri wa meli za ziwani na jamaa wa Kigoma na Ujiji. Kiswahili kilichodharauliwa shuleni kikawa ndicho kilichobeba habari za uhuru.

KURA MBILI

Tarehe 10 Novemba 1959 serikali ya Ubelgiji ilitangaza kwamba Ruanda-Urundi itaongozwa kuelekea kujitawala, na mwezi Desemba ikatoa amri ya kuweka mabaraza ya wilaya ndogo yatakayochaguliwa. Vyama vikaota kama uyoga baada ya mvua, vikazidi ishirini. Mshindani mkubwa wa UPRONA alikuwa PDC, chama cha Wakristo wa Kidemokrasi, kilichoongozwa na Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, wana wa mtemi Baranyanka, aliyekuwa rafiki mkubwa wa Wabelgiji. Yapasa ijulikane kwamba ugomvi wa vyama hivi viwili haukuwa wa Wahutu na Watutsi. Ulikuwa kwa sehemu ugomvi wa kale wa koo mbili za Baganwa, Bezi na Batare, na kwa sehemu ugomvi wa shauri: UPRONA ilitaka uhuru upesi, na PDC ilitaka nchi ikawie chini ya mlezi.

Mwaka 1960 Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, na kabla siku nyingi hazijapita ikaingia machafuko. Wabelgiji wakaogopa zaidi. Katika mkutano uliofanywa Brussels mwezi Agosti, ikaamuliwa kwamba jamaa wa karibu wa Mwami wasishike kazi ya siasa. Shabaha ya uamuzi ule haikufichika kwa mtu. Rwagasore alikuwa amewaambia watu wasinunue katika maduka ya wakoloni wala wasilipe kodi, ila wafanye hivyo kwa amani. Tarehe 27 Oktoba 1960 akawekwa kizuizini nyumbani, na hakuachiliwa hata tarehe 9 Desemba, kura za wilaya zilipokuwa zimekwisha pigwa. Katika viti 2,876, PDC ilipata 942, na UPRONA ikapata 545. Wabelgiji wakaunda serikali ya muda chini ya Joseph Cimpaye, na ikaonekana kana kwamba UPRONA imekwisha.

Hapo ndipo ulipoonekana umuhimu wa lile neno udhamini. Burundi ingekuwa koloni tupu, shauri lingekwishia Brussels. Lakini kwa kuwa ilikuwa amana, shauri lilikwenda New York. Tarehe 20 Desemba 1960 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuitaka Ubelgiji iachie vyama vifanye kazi kwa uhuru, wafungwa wa siasa wasamehewe, na uchaguzi wa bunge usifanywe kwa haraka bila ya waangalizi. Ikaundwa tume ya watu watatu: Max Dorsinville wa Haiti akiwa mwenyekiti, Majid Rahnema wa Iran, na Ernest Gassou wa Togo. Weusi wawili na Mwislamu mmoja, wote kutoka nchi zilizojitawala, walikuja kuangalia jinsi Warundi watakavyopiga kura. Kwa watu wa mjini hilo peke yake lilikuwa somo.

Uchaguzi wa bunge ulifanywa tarehe 18 Septemba 1961. Safari hii wanawake nao walipiga kura. UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Miezi kumi tu ilikuwa imepita tangu kura za wilaya, na nchi ilikuwa ile ile na watu wale wale. Kilichobadilika ni kwamba safari ya kwanza kiongozi alifungiwa mlango, na safari ya pili mlango uliachwa wazi. Usiku wa ushindi, Rwagasore hakuwatukana walioshindwa. Alisema ushindi ule ni wa amani na utaratibu wa nchi nzima, na akawataka wananchi waihukumu serikali yake kwa matendo itakayoyatenda.

MSIBA

Mwishoni mwa mwezi ule Rwagasore akawa Waziri Mkuu. Hakukaa katika kazi ile hata siku ishirini. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961, alipokuwa akila chakula katika hoteli ya Tanganyika kando ya ziwa, alipigwa risasi akafa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 29. Aliyempiga alikuwa Mgiriki aitwaye Kageorgis, na nyuma yake walipatikana wakuu wa PDC. Kageorgis aliuawa kwa hukumu tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Ntidendereza na Biroli walihukumiwa tena baada ya uhuru, wakanyongwa Gitega tarehe 15 Januari 1963. Mabishano juu ya maofisa wa Kibelgiji waliojua, au waliochochea, hayajakwisha mpaka leo.

Rwagasore alizikwa Vugizo, kilima kinachoutazama mji na ziwa. Nchi nzima ililia, na Buyenzi walilia kwa namna yao, kwani mlinzi waliyekuwa naye alikuwa mmoja. Lakini kilio kikishikwa na hasira huharibu. Mwezi Januari 1962, vijana waliojiita kwa jina la marehemu waliwashambulia viongozi wa vyama vya wafanya kazi huko Kamenge, wengi wao Wahutu, na baadhi wakauawa. Hilo lilikuwa doa la kwanza katika kazi aliyoiacha, na lilitiwa na watu waliosema wanampenda. Mtu aliyehubiri umoja na kuwataka watu wamhukumu kwa matendo, hakutendewa haki na wale waliomwaga damu kwa jina lake.

TAREHE 1 JULAI 1962

Serikali ilishikwa na André Muhirwa, shemeji ya Rwagasore. Ilibaki hatua ya mwisho. Umoja wa Mataifa ulipenda Ruanda na Urundi ziwe nchi moja, au angalau zishirikiane kwa karibu. Mwezi Aprili 1962 wajumbe wa pande mbili walikutana Addis Ababa. Lakini Ruanda ilikuwa imekwisha ondoa ufalme, na Burundi ilikuwa na Mwami wake, nyoyo hazikuungana. Wakakubaliana juu ya ushirikiano wa fedha na forodha tu, nao haukudumu miaka mingi. Tarehe 27 Juni 1962 Baraza Kuu likaamua kwamba udhamini utakwisha tarehe 1 Julai.

Siku hiyo bendera ya Ubelgiji ikateremshwa, na ya Burundi ikapanda. Tangu Kiganda, miaka 59 ilikuwa imepita. Mwami Mwambutsa, aliyewekwa kitini akiwa mtoto chini ya Wadachi, aliishi akaona tawala mbili za kigeni zikiondoka. Tarehe 18 Septemba 1962, mwaka mmoja kamili tangu ile kura ya bunge, Burundi ikapokewa katika Umoja wa Mataifa, na mji wa Usumbura ukaitwa Bujumbura.

MAZINGATIO

Ni mambo gani basi yanayopatikana katika tarehe hii? La kwanza ni kwamba uhuru ulipatikana kwa subira iliyo na kazi, wala si subira ya kukaa. Kila mlango mdogo uliofunguliwa, wa barua kwa Umoja wa Mataifa, wa baraza la wilaya, wa ushirika, ulitumiwa kufungua mlango mkubwa zaidi. Hata kushindwa kwa mwaka 1960 kulitumiwa kuwa ushahidi wa dhuluma, na ushahidi ule ndio ulioleta uchaguzi wa haki.

La pili ni kwamba wadogo walikuwa na sehemu yao. Wanawake wa Buyenzi waliokataa kodi ya aibu, wachuuzi waliotia senti zao katika ushirika, wasafiri wa ziwani waliobeba habari za Tanganyika, majina yao hayamo katika vitabu wala katika mabango ya barabara. Hata hivyo bila ya watu wa namna hiyo chama cha Rwagasore kingekosa miguu mjini. Jamaa iliyoitwa ngeni ililipa ada ya uananchi kwa kazi yake kabla ya mtu yeyote kuipa karatasi.

La tatu ni zito zaidi. Uhuru ulipatikana kwa umoja, na umoja ulipopotea, uhuru haukuwatosha watu. Pierre Ngendandumwe, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliuawa tarehe 15 Januari 1965. Mwezi Novemba 1966 ufalme ulipinduliwa na nchi ikawa jamhuri chini ya Michel Micombero. Kisha yakaja mauaji ya 1972, na vita vilivyoanza 1993, hata Mkataba wa Arusha ukatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Katika miaka hiyo yote mbegu iliyopandwa na hesabu za wakoloni ilimwagiliwa maji na mikono ya wenyeji wenyewe. Mkoloni alaumiwe kwa alilolitenda. Lakini baada ya 1962 jembe lilikuwa mkononi mwa mwenye shamba.

Kwa hiyo yule kijana wa Buyenzi, au wa Rumonge, au wa Gitega, anayeisoma tarehe hii, asiichukue kama hadithi ya kulalia. Aitazame kama amana. Wazee walipokea nchi iliyofungwa, wakaifungua kwa taratibu. Waliofuata walipokea nchi iliyofunguliwa, na baadhi yao wakaijeruhi. Atakayepokea leo ataulizwa aliipokea vipi na aliikabidhi vipi. Na kuulizwa kwenyewe ni kuwili: kwa watakaokuja baada yake, na mbele ya Mwenyezi Mungu, ambaye amana haipotei kwake.